Unga mweupe kwenye betri msimu wa kusi
Wenye magari Malindi, kusi likivuma, chumvi ya bahari hufika mpaka chini ya boneti. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri na gari linawaka kwa tabu, usikimbilie betri mpya. Zima gari, fungua waya wa hasi kwanza, mara nyingi ni spana namba 10, ndipo wa chanya. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi, ni cheche. Koroga kijiko cha magadi kwenye kikombe cha maji moto, sugua kwa mswaki mkuukuu. Vifuniko vya betri viwe vimefungwa. Magadi yakiingia ndani yanaua asidi. Suuza, kausha kabisa, rudisha chanya kwanza, hasi mwisho, kaza, kisha paka grisi. Chini ya gari nako osha kwa maji yasiyo na chumvi. Ya kisima cha chumvi ni kazi bure.