Choo cha mtoto hakisubiri: ninavyokipima kwenye maabara yenye hadubini moja

Mdogo wangu uliyepangiwa kituo cha afya juzi, ukaniuliza kipimo cha choo cha mtoto anayeharisha nakifanyaje huku Muheza, haya maelezo ni yako. Nina miaka kumi na sita kwenye chumba chenye meza mbili, sinki moja na hadubini moja, kwa hiyo usitegemee mambo ya mashine kubwa.

Kwanza mtazame mtoto, si kichupa. Kama amelegea, macho yamedidimia, na ngozi ya tumbo ukiibana inarudi polepole, mkimbize kwa nesi aanzishiwe maji. Kuhara kwingi kwa watoto hakuhitaji maabara hata kidogo: ni ORS (maji ya chumvi na sukari ya kunywesha), ziwa la mama au chakula, na zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita. Sisi tunahitajika zaidi penye damu, penye kuhara kulikopita siku 14, na penye dalili za kipindupindu. Kuna kituo nilichopitia nikiwa kijana ambako watoto walikalishwa benchi wakisubiri "kipimo kwanza". Usiige.

Kupata choo chenyewe

Hapa ndipo kazi inapoharibika, kabla hata hujawasha taa ya hadubini. Bibi mmoja alinijia saa tano na nusu na kifuniko cha chupa ya uji, juu kakifunika kwa jani la mgomba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea cha alfajiri, nimekifunika kisikauke."

Alitembea na mjukuu mgongoni tangu kijijini, na mimi ilinibidi nimwambie choo chake kimeshapitwa na wakati. Amiba na giadia (vimelea vidogo vya tumboni) walio hai hufa na kuharibika haraka nje ya mwili. Choo cha majimaji kitazame ndani ya dakika 30 tangu kitoke, kilicho laini ndani ya saa moja. Kwenye kichupa andika saa kilipotoka, siyo saa kilipokufikia.

Mpe mama kichupa chenye mdomo mpana, kikavu, kisicho na harufu ya sabuni wala dawa. Kiasi cha kijiko cha chai kinatosha. Mtoto wa nepi mtandikie kipande cha nailoni ndani yake, maana nepi hunywa maji yote na kukuachia makapi. Kisichanganyike na mkojo, kwani mkojo unaua amiba. Na kisiokotwe chini: udongoni kuna viminyoo vyake, utamwandikia mtoto minyoo asiyokuwa nayo. Uliza pia mtoto ameshapewa dawa gani nyumbani. Wengi watakujibu "hajapewa kitu". Uliza tena, taratibu, kwa kutaja septrini (ya bakteria) na metro, yaani metronidazoli (ya amiba).

Yule bibi nilimpa kichupa, akakaa kivulini chini ya mwembe. Robo saa haikupita, mjukuu akatimiza wajibu wake.

Macho kabla ya lenzi

Andika unachokiona: maji, laini, damu, makamasi, mfano wa maji ya mchele. Penye damu au makamasi ndipo pa kuchota, si penye choo safi.

Kwenye slaidi moja weka tone la selaini (maji ya chumvi) upande huu na tone la iodini upande ule. Kwa kijiti chota kidogo sana, ukubwa wa kichwa cha kiberiti au pungufu, koroga kwenye selaini kwanza kisha kwenye iodini, ufunike kwa kioo chembamba ukikishusha kwa mshazari ili hewa isinaswe. Kipimo changu cha wembamba ni gazeti: kama maandishi hayasomeki kupitia kwenye tone, umejaza. Anza na lenzi ya 10, zunguka eneo lote kwa kwenda na kurudi kama anayelima matuta, halafu lenzi ya 40. Punguza mwanga. Vijana wengi wanafungua mwanga wote halafu wanalalamika kuwa hawaoni kitu.

Upande wa selaini unatafuta kinachotembea. Giadia anapepesuka kama jani linaloanguka mtini, huwezi kumsahau ukimwona mara moja. Iodini inaua, basi upande huo usitafute mwendo, tafuta sisti, yaani kimelea kilichojifunika ganda, na hesabu viini: sisti ya giadia au ya amiba anayeleta maradhi ina viini visivyozidi vinne, ile ya E. koli amiba (siyo bakteria wa jina hilo) hufikia vinane. Iodini pia itageuza wanga wa uji kuwa bluu nyeusi. Usiuogope, ni uji.

Sasa la amiba, maana hili limenikera miaka yote. Makrofaji, zile seli kubwa za kinga, huwa tele kwenye choo cha mtoto mwenye kuhara damu, nazo kwa jicho la haraka ni amiba mtupu. Hata chembe nyekundu za damu humeza. Mtaalamu akiandika "amiba", daktari anaandika metro, na shigela wa watu, bakteria wa kuhara damu, anabaki tumboni akiendelea na kazi. Mimi siandiki amiba mpaka nimwone akienda, akisukuma mguu wake wa uwongo kuelekea upande mmoja, na chembe nyekundu ndani yake. Nikikuta seli za usaha zimejaa, damu ipo, na amiba simwoni, naandika hivyo hivyo na kumfuata daktari ana kwa ana: mtazamie shigela.

Rangi ya TB kwa kazi nyingine

Kama kuhara kumepita wiki mbili, au mtoto ana utapiamlo au VVU, tafuta kriptosporidi, kimelea kingine kidogo cha tumboni. Karbofuksini, rangi nyekundu ya kupimia TB, unayo tayari kwa ajili ya makohozi. Pakaza choo, acha kikauke, kaza kwa methanoli dakika 3. Mwaga karbofuksini bila kupasha moto, dakika 15. Osha. Asidi-pombe ya asilimia 1, sekunde 10 hadi 15 basi. Mimi mwanzoni nilitumia ile kali ya TB kwa dakika nzima, nikafuta kila kitu na kujisifu kuwa slaidi ni safi. Malizia na methileni bluu sekunde 30, utazame kwa lenzi ya mafuta. Vidude vya duara vyekundu, maikromita 4 hadi 6, juu ya bluu. Hamira nazo zinafanana kwa umbo, lakini hazishiki wekundu.

Cha kuotesha

Bakteria huwaoteshi wewe, unatuma choo maabara kubwa. Chukua kabla ya dawa ya kuua bakteria. Chovya pamba ya kijiti penye makamasi, izamishe kwenye kichupa cha Cary-Blair (dawa ya kuwatunza bakteria njiani), vunja kijiti, kaza kifuniko. Shigela ni dhaifu: weka kwenye jokofu (siyo friza) na ifike ndani ya siku mbili. Ukishuku kipindupindu acha kwenye joto la kawaida, baridi inamdhuru mdudu wake, na toa taarifa siku hiyo hiyo. Majibu huchukua siku mbili tatu, na tiba haiyangoji.

Ukikosa kitu

Mara nyingi utakosa. Utafiti mkubwa wa GEMS, uliofanyika nchi saba, mojawapo Kenya huko Siaya, na kutolewa mwaka 2013, ulikuta visababishi vikuu vya kuhara kwa wastani hadi kukali ni vinne: virusi vya rota, kriptosporidi, shigela, na aina ya E. koli inayotoa sumu. Hadubini yetu inaona kimoja tu, tena kwa rangi. Rota wenyewe Ruth Bishop na wenzake waliwaona kwa hadubini ya elektroni huko Melbourne mwaka 1973. Sisi tunacho kipimo chao cha haraka cha mistari, kama kile cha mimba, ila hakibadilishi matibabu, basi nakiweka kwa ufuatiliaji. Utafiti huo huo uliwakuta giadia kwa wingi kwa watoto wasioharisha. Ukimwona, mwandike, lakini usiape kuwa ndiye.

Kwa yule bibi niliandika: hakuna vimelea vilivyoonekana, hakuna damu, seli za usaha chache.

"Kwa hiyo mjukuu wangu haumwi?"

"Anaumwa bibi. Mdudu wake ni mdogo kuliko macho ya mashine yangu. Dawa yake ni hayo maji na hivyo vidonge, usikatize hata akipona kesho."

Jioni, slaidi na vijiti vilale kwenye klorini ya asilimia 0.5, meza ifutwe kwa hiyo hiyo. Hadubini ifunikwe, lenzi ya mafuta ifutwe kwa karatasi yake, siyo kwa kanga wala koti lako. Huku pwani unyevu unaotesha ukungu kwenye vioo. Mimi nawasha balbu ndogo ndani ya kabati lake usiku kucha.