Buluu ya Arita: jinsi ya kuchora sahani ya kaure kwa mkono

Kaure ya Japani ilianzia Arita, mji mdogo wa mkoa wa Saga katika kisiwa cha Kyushu, mwanzoni mwa karne ya 17, jiwe linalofaa kutengenezea kaure lilipopatikana Izumiyama. Sahani za Arita zilisafirishwa kupitia bandari ya Imari, na ndiyo maana wanunuzi wa mbali walizizoea kwa jina hilo. Hapa tunaeleza sometsuke, yaani uchoraji wa buluu ya kobalti unaofanywa kabla ya gilezi (tabaka linaloyeyuka motoni na kuifunika sahani kama kioo), kwenye sahani iliyochomwa mara moja tu.

Hata mchoraji hodari wa karatasi hutatizika hapa mwanzoni. Sahani iliyochomwa mara moja hunyonya maji papo hapo, na mstari ukishagusa umekaa. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini ni namna ya kuyatawala maji: yawe kiasi gani, yakae wapi, yaondoke lini.

Sahani

Tumia sahani iliyochomwa kwa nyuzi 900 hivi za Sentigredi. Ikichomwa chini sana itavunjika mkononi. Ikichomwa juu sana haitanyonya rangi wala gilezi. Kaure hupungua kwa asilimia 13 hadi 15 katika moto wa mwisho, kwa hiyo sahani ya sentimita 17 itatoka na takriban 15, na mchoro utapungua nayo. Acha nafasi za kutosha kati ya mistari.

Futa vumbi kwa sponji yenye unyevu kidogo, kisha iache ikauke. Baada ya hapo ishike ukingoni na chini tu. Mafuta ya kidole hayaonekani sasa, ila yatakataa rangi na gilezi, na utayaona tanuri likifunguliwa.

Rangi

Gosu ni unga wa kobalti yenye chuma na manganizi ndani yake. Mchanganyiko huo ndio unaoifanya buluu iwe tulivu; oksidi tupu ya kobalti hutoa buluu kali inayoumiza macho. (Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia leo huchimbwa Kongo, upande wa Kolwezi na jirani zake.) Nunua gosu iliyokwisha kuchanganywa, na uvae barakoa unapoipima kwa sababu vumbi lake lina madhara kwa mapafu.

Wachoraji wa Arita huisaga kwa chai badala ya maji matupu. Chemsha majani ya chai ya kijani hadi iwe nzito na chungu, ichuje, iache ipoe. Tanini ya chai husaidia chembe za rangi zishike kwenye sahani na mstari usitawanyike. Anza na gramu 10 za gosu kwa mililita 10 za chai, usage kwenye kinu kidogo cha kaure kwa nusu saa au zaidi. Paka tone kwenye kidole na ulisugue: ukihisi mchanga, endelea kusaga. Chembe kubwa zitageuka madoa meusi motoni.

Hiyo ndiyo rangi ya mistari. Ya kujazia iwe nyepesi zaidi: sehemu 1 ya rangi nzito kwa 4 au 5 za chai. Zote mbili zitaonekana za kijivujivu au zambarau, na jicho halitakuambia buluu yake itakuwaje. Chora michirizi ya viwango mbalimbali kwenye kipande cha majaribio, andika kipimo kando ya kila mmoja, ukichome kwanza.

Kuhamisha mchoro

Chora mchoro wako kwenye karatasi nyembamba inayoonyesha upande wa pili. Fuatisha mistari kwa mkaa laini, laza upande wa mkaa kwenye sahani, kisha sugua mgongo wa karatasi polepole. Mkaa utaungua wote tanurini. Penseli ya kawaida ina udongo ndani yake na inaweza kuacha alama, kwa hiyo iweke kando.

Mistari

Chagua brashi nyembamba yenye nywele ndefu, inayobeba rangi ya kutosha kumaliza mstari mrefu bila kuchovya tena. Isimamishe karibu wima, na uegemeze kidole kidogo kwenye sahani. Mwendo uwe mmoja. Ukisita, rangi huendelea kunyonywa pale ulipositia na panatokea fundo jeusi. Mstari ulioharibika unaweza kukwanguliwa kwa ncha ya kisu, lakini hubaki kibonyeo na vumbi la kufutwa kwa uangalifu. Mstari uliopinda kidogo ni bora uachwe.

Dami

Kujaza rangi nyepesi ndani ya mistari kunaitwa dami, na hapa ndipo buluu ya Arita inapopatikana au kupotea. Brashi yake ni nene; kwa sahani hii, unene wa kidole gumba unatosha. Wengi hukosea kwa kuitumia kama ya kupakia rangi ukutani, wakipitisha nywele huku na huko. Kila mpito hunyonywa juu ya mwingine, na matokeo yake ni mabaka.

Koroga rangi kila mara kabla ya kuchovya, maana kobalti ni nzito na huzama. Jaza brashi kabisa, kisha ibane kwa vidole karibu na mpini hadi tone kubwa lining'inie kwenye ncha. Inamisha sahani kidogo. Gusa kwa tone lenyewe, nywele zisifike, na uliongoze kutoka juu kwenda chini likiwa dimbwi dogo lisilokatika. Likipungua, bana tena. Ukifika mwisho wa eneo, legeza vidole: brashi itanyonya kilichobaki. Dimbwi ukiliacha hapo, pembe hiyo itatoka nyeusi.

Ukitaka mistari myeupe ndani ya buluu, kuna sumihajiki, mbinu iliyotumiwa sana katika kaure ya Nabeshima, iliyotengenezwa kwa ajili ya ukoo uliotawala eneo hilo. Chora kwa sumi, wino mweusi wa masizi wenye gundi, upitishe dami juu yake, wino uikatae. Kisha choma sahani tena ili wino uungue kabla ya gilezi.

Gilezi na moto

Sahani ikikauka, izamishe kwenye gilezi angavu kwa sekunde moja au mbili. Tabaka liwe kati ya nusu milimita na milimita moja. Mchoro wote utafichika, ni kawaida. Futa gilezi kwenye kikanyagio, yaani duara la chini ambalo sahani husimamia, la sivyo sahani itagandamana na rafu.

Moto hufika nyuzi 1,300. Kuanzia 950 hivi, tanuri la gesi hupunguziwa hewa ili moto uvute oksijeni kutoka kwenye udongo na gilezi; hapo ndipo weupe wenye kivuli cha buluu unapotokea. Tanuri la umeme lisilopunguziwa hewa litatoa buluu pia, ila udongo wenye chuma kidogo utaelekea rangi ya krimu.

Buluu ikitoka nyeusi yenye mng'ao wa chuma, rangi ilikuwa nzito kupita kiasi na gilezi haikuweza kuiyeyusha. Pengine gilezi itakuwa imejikunja na kukimbia sehemu hiyo. Mistari ikivujia pembeni, gilezi ilikuwa nene au joto lilizidi.

Nyekundu, kijani na manjano hupakwa juu ya gilezi iliyokwisha kuchomwa, kisha huchomwa tena kwa nyuzi 800 hivi. Dhahabu hufuata kwa joto la chini zaidi. Rangi hizo hupoteza uzuri wake zikipakwa juu ya buluu nzito, kwa hiyo kama umepanga kuziongeza, ziachie nafasi nyeupe tangu kwenye karatasi ya mkaa.