Unene wa bapa: jinsi ya kupima na kuchagua kisu cha porini

Mtu akinionyesha kisu kipya cha kwendea porini, aghalabu hukigeuza kwanza nione mgongo, ule upande mnene ulio mkabala na makali. "Milimita tano hiyo," ananiambia, uso umemng'aa. Namwelewa. Kisu kinene kinajaza mkono na kinatia moyo ukiwa mbali na watu. Lakini mgongo haukati. Kwa miaka nilibeba visu vinene kiunoni, na kazi ya kutwa nzima ikawa inafanywa na kisu chembamba cha mfukoni. Ndipo nikaanza kupima, na tangu hapo sinunui kisu bila kukipitisha katika hatua hizi.

Tafuta kalipa (kifaa chenye midomo miwili cha kupimia unene), kalamu ya wino mzito, karatasi, kiazi kikubwa, kuni kavu za unene wa kifundo cha mkono, rungu la mti na noleo la maji.

Hatua ya 1: Hesabu kazi zako

Andika kila kazi uliyofanya na kisu safari iliyopita. Kukata kamba, kuchonga vigingi vya hema, kutoa maranda ya kuwashia moto, kuandaa chakula, kufungua mfuko. Karibu zote ni kukata na kuchonga. Kupasua kuni kwa kisu huja mara chache, hasa pale shoka limebaki nyumbani. Orodha hiyo iweke karibu, maana ndiyo itakayoamua, wala si picha ya kisu.

Hatua ya 2: Pima mgongo mahali patatu

Pima karibu na mpini, kisha katikati, kisha sentimita 1 kabla ya ncha. Visu vingi vya porini viko kati ya milimita 2.5 na 5 karibu na mpini. Kwa mfano, Mora Companion ya Sweden ina milimita 2.5, Mora Garberg ina 3.2, na Fallkniven F1 ina 4.5.

Unene huu unakupa mambo mawili: uzito na ukakamavu. Uzito unapanda sawasawa na unene. Ukakamavu unapanda kwa kasi kubwa zaidi, kwa sababu unafuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Bapa, yaani chuma chenyewe cha kisu bila mpini, la milimita 4 ni kakamavu mara 8 kuliko la milimita 2 lenye umbo lilelile. Kwa hiyo nusu milimita ya ziada si ndogo kama inavyoonekana kwenye kalipa.

Kipimo cha karibu na ncha usikiruke. Nilivunja ncha ya kisu changu nikichokonoa utomvu mgumu kwenye kifundo cha mti. Mgongoni kilikuwa na milimita 4, nikakiamini. Nilipopima pale kilipokatikia, hapakufika hata milimita 1, kwa kuwa bapa lilikuwa limechongoka sana kuelekea mbele. Nguvu ya mgongo wa nyuma haikusaidia chochote mbele.

Hatua ya 3: Pima nyuma ya makali

Hapa ndipo kisu kinapojulikana. Ukitazama makali kwenye mwanga utaona ukanda mwembamba unaong'aa, ule uliotengenezwa na noleo. Juu tu ya ukanda huo kuna bega, mahali ubavu wa bapa unapoanza. Weka midomo ya kalipa kwenye bega hilo, taratibu, bila kubana makali yenyewe.

Mimi husoma namba hiyo hivi. Milimita 0.3 hadi 0.5, kisu kinakata kwa wepesi, ila kinataka mkono wa adabu: ukikisokota ndani ya kifundo cha mti kigumu, makali yanaweza kuingia mapengo. Milimita 0.5 hadi 0.8 ndiyo mahali ninapopapenda kwa kisu kimoja cha kazi zote. Ikipita milimita 1, kisu kimeanza kuwa shoka dogo, na utaona kinasukuma badala ya kukata, hata kikinolewa mpaka kinyoe nywele za mkono.

Ukitaka kuona kwa macho, kata kiazi kikubwa katikati kwa kisu chenye bega nene. Makali yanaingia vizuri sentimita moja hivi, halafu unasikia kishindo kidogo: kiazi kimepasuka mbele ya makali. Tazama uso wake. Sehemu ya juu ni laini, sehemu ya chini ina mikwaruzo na nyufa. Pale chini kisu hakikukata kitu, kilitanua tu kama kabari. Sasa rudia na kisu chembamba, uso wote utatoka laini. Hicho kinachotokea kwenye kiazi ndicho kinachotokea kwenye mti unaochonga, ila mti unakificha na wewe unadhani umechoka.

Visu vyenye mteremko mmoja mpana wa moja kwa moja hadi kwenye makali, kama vile vya Mora, havina bega la karibu. Hapo tazama pembe. Kwa pembe ya nyuzi 24, pande zote mbili pamoja, bapa la milimita 2.5 lina mteremko wa karibu milimita 6, na la milimita 4 lina wa zaidi ya 9. Pembe ni ileile, lakini kisu cha pili kinasukuma mti mwingi zaidi kabla ya kupita, na kukinoa ni kusugua chuma kingi zaidi.

Hatua ya 4: Tazama mteremko unaanzia wapi

Chukua visu viwili vyenye mgongo wa milimita 4, urefu wa bapa kutoka mgongo hadi makali milimita 30, na bega la milimita 0.5. Kimoja kimechongwa kuanzia mgongoni kabisa, kingine kuanzia nusu ya bapa. Kwenye sanduku vyote vimeandikwa namba ileile. Lakini kila milimita moja ya makali inayoliwa na noleo, cha kwanza kinanenepa nyuma ya makali kwa takriban milimita 0.12, na cha pili kwa 0.23. Ndiyo maana kuna visu vilivyokuwa vitamu siku ya kwanza, na baada ya kunolewa miaka miwili mwenyewe analalamika kwamba chuma kimekufa. Chuma kizima, ila makali yamepanda juu kwenye sehemu nene ya bapa.

Hatua ya 5: Kipe majaribio manne

Karatasi kwanza. Inakuambia tu kama kimenolewa, basi, haikuambii lolote juu ya unene.

Kisha maranda. Simamisha ukuni, laza bapa karibu lilale juu ya mti, vuta chini polepole. Kisu kizuri kinatoa randa jembamba linalojikunja na kubaki limeshika kwenye ukuni. Kisu kinene kikichongwa kwa pembe kubwa huchupa nje, au huzama na kung'oa kipande kizima. Toa maranda ishirini mfululizo, halafu usikilize kiganja chako.

Tatu, kamba nene, kwa kusukuma bila kukeketa.

Nne, kupasua. Weka makali juu ya ukuni, gonga mgongo kwa rungu la mti, kamwe si kwa chuma wala jiwe. Hapa kisu kinene kinapata haki yake: kinatanua, na ukuni unaachana mapema. Chembamba huzama, kikabanwa. Ila kabla ya kuamua ununue milimita 5 kwa sababu hii, jaribu hivi: kwa kisu chembamba chonga kabari ya mti mgumu, ndefu kama kiganja. Fungua ufa kwa kisu, ingiza kabari, gonga kabari. Nimepasua hivyo kuni za usiku mzima kwa bapa la milimita 2.5, na kisu hakikupata hata mkwaruzo.

Na anayesema kufyeka kunadai unene, alitazame panga. Mengi hayazidi milimita 3. Linakata kwa urefu na kasi, na wembamba wake ndio unaolifanya lipite kwenye matawi bila kukwama.

Baada ya yote hayo, jibu langu kwa anayebeba kisu kimoja ni milimita 3 hadi 3.5 mgongoni, kilichochongwa kuanzia juu, karibu na mgongo. Milimita 4.5 na kuendelea nampa mtu ambaye kweli hana shoka na anapasua kuni kila siku.

Hatua ya 6: Punguza unene wa kisu ulicho nacho

Usikitupe kisu kinene. Paka wino kwenye bega pande zote mbili. Laza bapa kwenye noleo gumu la maji, kwa pembe ndogo kuliko ile unayonolea kawaida, na usugue mpaka wino uondoke kwenye bega bila kuguswa makalini. Hesabu misuguo, upande huu na ule sawa. Pima kwa kalipa kila baada ya dakika kumi.

Mashine kavu ya kusaga usiiguse. Makali yakigeuka rangi ya buluu, ugumu wa chuma umeshaondoka mahali pale na hautarudi kwa kunoa.

Ukishuka milimita 0.2, nusu ya kazi imekwisha. Nyoosha makali kwa pembe yako ya kawaida, kisha chukua kiazi kingine na ukate. Kikipasuka tena, rudi kwenye noleo. Kisu kikipita kimya hadi chini, simama hapo hapo, usiondoe hata msuguo mmoja zaidi.