Kusoma Enzi za Kati huko nje bila kuiacha Uganda

Ndugu zangu mlio nje, vijana wetu wengi wakiona programu ya Enzi za Kati wanaipita haraka, wanasema hayo ni mambo ya wazungu na makasri yao. Mimi nimeisoma Uingereza na nawaambia ukijua kuichagua inakurudisha mpaka Ssembabule, wilaya yetu ya wafugaji kule Uganda.

Enzi za Kati ni miaka ya 500 hadi 1500 hivi, na programu yake haiko kwenye idara moja, unachanganya historia, akiolojia, dini, sanaa, fasihi na lugha. Chuo kikuu cha Leeds wana taasisi yao tangu 1967, York wana kituo chao, Toronto wameanza tangu 1929. Kabla hujalipa ada yoyote waandikie email uwaulize, nikitaka tasnifu yangu iwe ya Afrika nani atanisimamia? Wakizungukazunguka tafuta kwingine. Uliza na Kiarabu kama kipo, manake Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na habari zake ziliandikwa kwa Kiarabu, sio Kilatini.

Kilatini chenyewe usikiogope ila kianze miezi kadhaa kabla, mimi nilichelewa nikalala saa nane za usiku muhula mzima. Sisi tuna bahati, mtu anayesema kiti kizuri na mti mzuri tayari anajua kivumishi lazima kipatane na nomino yake, tofauti ni kwamba wao wanabadilisha mwisho wa neno.

Halafu kuna somo la kusoma miandiko ya zamani, hilo usilikose kabisa. Unanawa mikono unakausha vizuri, glavu mara nyingi hawataki, kalamu ya wino hairuhusiwi, ni penseli tu. Siku ya kwanza nikafungua kitabu chenye kurasa za ngozi, upande mmoja wa ukurasa mweupe laini, nikigeuza mwingine ni njano kidogo una vidoti vidogo vidogo, nikasema hapa ndo manyoya yalikuwa yanaota. Mwalimu akauliza nimejuaje, nikamwambia kwetu ni watu wa ng'ombe, ngozi tumekua tunaziona zikikaushwa uani. Kumbe hicho ndo kitu cha kwanza alichotaka kutufundisha siku ile.

Sasa ukija likizo, pitia kwanza Uganda Museum pale Kampala, alafu shuka Ntusi na Bigo bya Mugenyi, makazi ya kale kule Ssembabule. Ntusi watu waliishi kuanzia karne ya 11 mpaka ya 15 hivi, wakifuga na kulima, na wachimbaji wamekuta shanga za kioo na makombe ya kauri, yaani mali ya Bahari ya Hindi imefika katikati ya malisho yetu! Bigo mahandaki yake ukiyaunganisha yanapita kilomita 10, na wazee wa pale watakusimulia Bachwezi, wale watawala wa kale wa hadithi zetu, omba ruhusa kabla ya kurekodi.

Kama ni utafiti wa kweli utahitaji kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, kianze ukiwa bado huko. Na njoo Juni au Julai kukiwa kukavu, mvua ikishapiga nyasi zinaficha mahandaki hata ukisimama juu yake huyaoni.