Kibali cha duka la dawa muhimu: futi kamba kwanza, kodi baadaye

Kinachowaliza wengi kwenye kibali cha duka la dawa muhimu (DLDM) si fomu, ni fremu. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, fundi anapiga shelfu na rangi, ndipo mkaguzi anafika, anapima umbali hadi duka la dawa la jirani na kusema hapa hapafai. Kodi hairudi. Kabla ya kulipa chochote, nenda kwa mfamasia wa halmashauri, uliza umbali unaotakiwa, kisha omba ukaguzi wa awali wa eneo. Uliza pia kama kuna mwingine aliyeomba mtaa huohuo. Duka ambalo halijafunguliwa hulioni barabarani, lakini kwenye faili la mfamasia lipo.

Eneo likipita ndipo umwite fundi: dari, kuta na sakafu za kusafishika, sinki, kabati lenye kufuli kwa dawa za cheti cha daktari, kipimajoto ukutani. Dawa nyingi zinataka chini ya nyuzi 30, na bati lisilo na dari mchana wa Dar es Salaam halina habari hiyo. Kitanda cha kuchomea sindano usiweke hata nyuma ya pazia. DLDM haichomi sindano.

Mtoa dawa awe na cheti cha mafunzo ya DLDM kinachotambuliwa na Baraza la Famasi, na mkataba wa kazi uliosainiwa. Ule mchezo wa cheti kuning'inia ukutani, mwenyewe yuko zamu ya zahanati na anayeuza ni mpwa wa tajiri, wakaguzi wanaujua kuliko wanaoucheza. Kama alikuwa duka jingine, akupe barua ya kuacha kazi huko kabla hujajaza jina lake. Jina likisomeka sehemu mbili, maombi yanaweza kukwama na hakuna atakayekupigia simu kukueleza.

Fomu yenyewe ni nyepesi. Angalia tu majina kwenye NIDA, TIN na mkataba wa pango yafanane herufi kwa herufi, maana Mohamed na Mohammed kwa mfumo ni watu wawili. Ukipata kontroli namba, lipa kabla haijaisha muda na utunze risiti, kwani siku ya kuihitaji ndiyo siku "mtandao unasumbua".

Kibali kikitoka, nunua jumla kwa wenye kibali tu, ukitunza kila ankara. Amoksisilini isiyo na ankara mkaguzi hubeba na boksi lake.