Taa ya injini imewaka? Pima kwanza kabla hujakubali masega yang'olewe

Hapa Malindi naona gari nyingi sana, Probox na Fielder hasa, taa ya injini inawaka mwezi mzima na mwenyewe keshaambiwa "hiyo ni sensa" au "masega yameisha, tuyatoe tu", na hakuna aliyepima kitu. Inaniuma kwa kweli. Sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi, si pesa ndogo, na masega ya katalitiki, yaani kile kifaa cha ndani ya ekzosi kinachosafisha moshi wa sumu, yana platinamu, paladiamu na rodiamu ndani ndo maana yanatafutwa, yakishatoka kwako yana mnunuzi, halafu wewe unabaki na gari inayopuliza kaboni monoksaidi na mvuke wa petroli mbichi kwenye vichochoro ambavyo watoto wanacheza.

Kwanza angalia taa yenyewe. Washa swichi bila kupiga stata, lazima iwake, ukipiga stata izime. Isipowaka kabisa ujue balbu imetolewa au imezibwa, hiyo icheki sana ukienda kununua gari. Ikiwaka tu bila kupepesa unaweza kuendesha pole pole mpaka kwa fundi, lakini ikipepesa simama, manake injini inamisi vibaya, yaani kuna silinda haiunguzi petroli yake, na petroli ambayo haijaungua inaenda kuungulia ndani ya masega, yanapata moto mpaka yanayeyuka. Hapo shida ni plagi, koili au injekta, na ukibadilisha masega kabla ya hizo, hata hayo mapya yatakufa.

Halafu soma namba za kosa, zile ambazo kompyuta ya gari inahifadhi ikiona shida. Soketi ya OBD2, ya kuunga mashine ya kuzisoma, yaani skana, iko chini ya usukani, ina pini 16, Marekani imekuwa lazima tangu modeli za 1996. Kuna skana ndogo za Bluetooth unaunga na simu, ila gari zingine za Japani za zamani zina soketi hiyo hiyo na bado hazisomeki na skana za bei rahisi, hizo mpelekee fundi mwenye mashine ya maana. Andika namba zote na usifute kwanza, manake ukifuta unapoteza na rekodi ya hali ilivyokuwa kosa lilipotokea, yaani spidi, joto la injini na kadhalika. Na jambo kubwa ni hili, namba inakwambia kompyuta imeona nini, haikwambii spea gani imekufa.

Chukua P0171, yaani hewa nyingi petroli kidogo. Wengi wananunua sensa hapo hapo. Subiri, fungua skana uangalie fyueli trimu, ile asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Kwa kawaida inacheza ndani ya kumi juu au chini. Ukiona imefika +20 injini ikiwa imetulia bila kukanyagwa mafuta, halafu ukikanyaga mpaka RPM 2500 (mizunguko ya injini kwa dakika) inashuka karibu na sifuri, basi hewa inaingia mahali, tafuta hosi ya vakiyumu iliyopasuka au gasketi ya manifoldi ya kuingizia hewa. Ikiwa ni kinyume, inapanda kadri unavyokanyaga, shuku pampu ya petroli, filta iliyoziba, au sensa ya hewa, inayopima hewa inayoingia kwenye injini, imeshika vumbi, na kwa wale wa njia ya Marafa vumbi halikosekani. Sensa ya hewa isafishe na dawa yake tu, usiiguse na kitambaa.

Kitu kingine cha pwani ni chumvi. Inakula bolti za ekzosi na kuweka ukijani kwenye pini za soketi za waya. Ekzosi ikivuja kabla ya sensa ya oksijeni ya mbele, ile iliyo kabla ya masega, hewa ya nje inafyonzwa ndani, sensa inaona oksijeni inadhani petroli ni kidogo, kompyuta inaongeza petroli, na gari inakunywa mafuta huku ikiharibu masega mazima. Kwa hiyo asubuhi injini ikiwa baridi iwashe usikilize tak tak karibu na manifoldi ya ekzosi na utafute masizi meusi kwenye maungio. Soketi nazo zichomoe, zisafishe, urudishe, kabla hujanunua chochote.

P0420 ndo ile ya masega. Pasha injini moto sawasawa, shikilia RPM 2500 na utazame sensa mbili za oksijeni kwenye skana, ya kabla ya masega na ya baada yake. Ya mbele, kwa gari zenye sensa ya aina ya zamani, inaruka kati ya volti 0.1 na 0.9, ya nyuma inatakiwa itulie kwenye 0.6 au 0.7 hivi. Ya nyuma ikiruka kama ya mbele, na umeshahakikisha hakuna panapovuja wala injini haimisi, hapo masega yamechoka kweli. Ila uliza yamechoshwa na nini, moshi wa bluu maana yake injini inakula oili na oili inayaua.

Namba za mvuke wa tangi, P0440 na jamaa zake, anza na kufunga kifuniko vizuri na kuangalia mpira wake. Na tafadhali ukijaza petroli pampu ikikata, mwambie asiongeze, petroli ya ziada inaingia kwenye mkebe wa mkaa unaonasa mvuke na kuuharibu. Gari ikisumbua kuwaka kila ukitoka kujaza, chomoa valvu ya mvuke karibu na injini uipulize bila umeme, hewa ikipita imekwama wazi, badilisha.

Ukishatengeneza ndo ufute namba, halafu endesha safari ya kawaida kuanzia injini baridi, mjini kidogo kisha barabara ya Gede kwa spidi isiyopanda na kushuka, manake kompyuta haipimi masega kwenye foleni. Usichomoe betri katikati, itaanza upya. Ukirudi fungua skana uangalie kama kuna namba imerudi na fyueli trimu imekaa wapi.