Kujaza pampu ya dawa iliyopandikizwa tumboni kwa kuongozwa na ultrasaundi

Nimeandika haya baada ya kumsimamia mwenzangu aliyezoea kujaza pampu kwa kupapasa na kiolezo cha plastiki, akakutana na mgonjwa mwenye tumbo nene, kovu pana na pampu iliyolala upande. Alitaka nimwonyeshe pa kuchoma. Hilo lilituchukua muda mfupi tu. Muda mrefu ulikwenda kwenye jambo ambalo hakuwa ameliuliza: utajuaje kwamba dawa imeingia ndani ya pampu, na si kando yake?

Pampu ninazozungumzia ni zile zinazosukuma baklofeni (ya kulegeza misuli iliyokakamaa), mofini au zikonotaidi (za maumivu) kupitia katheta, yaani mrija mwembamba, hadi kwenye maji ya uti wa mgongo. Mifano yangu ni ya SynchroMed II ya Medtronic, yenye tangi la mililita 20 au 40, kwa sababu ndiyo niliyoishika zaidi. Kama yako ni nyingine, soma kitabu chake kwanza, maana mahali pa kuchoma na aina ya sindano hutofautiana. Na kama hujafundishwa kujaza pampu kabisa, usianzie hapa.

Tupige hesabu kidogo kabla ya kugusa chochote. Baklofeni ya mikrogramu 2000 kwa mililita, ukijaza mililita 20, ni mikrogramu 40,000. Mgonjwa anayepata mikrogramu 400 kwa siku amebeba dozi ya siku 100 ndani ya bomba moja la sindano. Ikimwagika kwenye mfuko wa pampu, yaani ile nafasi chini ya ngozi ambamo pampu imekaa, tishu huanza kuinyonya papo hapo. Mwaka 2011 Medtronic iliwaandikia waganga kuhusu hatari hiihii. Ndiyo maana sioni aibu kutumia mashine hata kwa mgonjwa mwembamba ambaye pampu yake unaiona kwa macho.

Hatua ya 1: Soma pampu kabla ya kumlaza mgonjwa

Weka kifaa cha kusomea juu ya pampu, pata jina la dawa, ukali wake, dozi ya siku, na kiasi kinachotarajiwa kubaki kwenye tangi. Kiandike kwenye karatasi kwa tarakimu kubwa, uibandike mahali utakapoiona ukiwa umevaa glavu. Linganisha na chupa uliyoletewa. Mtu wa pili asome lebo kwa sauti. Katika hili sina mjadala na mtu.

Hatua ya 2: Chagua probu

Probu ni kile kichwa cha ultrasaundi unachokiweka kwenye ngozi. Iliyo bapa ya masafa ya juu inatosha kwa walio wengi, kwa kuwa pampu haitakiwi kupandikizwa kina kinachozidi sentimita 2.5 kutoka kwenye ngozi. Mgonjwa akiongezeka unene baada ya upasuaji, kina nacho huongezeka, na hapo probu iliyopinda itakuonyesha zaidi. Wapo wanaoanza na iliyopinda kwa kila mgonjwa ili waione pampu nzima kwa mkupuo. Mimi siipendi: picha yake ya juujuu ni ya ukungu, na kazi yetu yote iko juujuu.

Hatua ya 3: Tafuta septamu

Ganda la pampu ni la titani. Kwenye skrini utaona mstari mweupe mkali, na chini yake mistari mingine inayojirudia ambayo si kitu halisi, ni mwangwi tu. Telezesha probu polepole kutoka ukingo hadi ukingo. Mahali mstari mweupe unapokatika na kuacha pengo lenye kingo mbili zinazong'aa ndipo septamu ilipo, yaani kizibo cha kuchomea sindano ya kujazia. Ni silikoni, kama kifuniko cha mpira cha chupa ya dawa, na sauti hupenya hapo kuliko kwenye chuma.

Weka pengo katikati ya skrini, tia alama kwenye ngozi pande mbili za probu. Geuza probu nyuzi 90, rudia. Mistari ikipishana, hapo ndipo pa kuchoma. Pima kina kutoka kwenye ngozi hadi uso wa septamu. Kipimo hiki ndicho kitakachokuambia kama sindano ya kwenye pakiti itafika au utahitaji ndefu zaidi.

Usibonyeze probu kwa nguvu unapopima. Mafuta hubonyea, ukapata kina kifupi cha uongo, kisha sindano ikaishia njiani.

Kama unaona mstari mweupe usiokatika popote, acha. Nenda kwenye sehemu ya pampu iliyogeuka, huko chini.

Hatua ya 4: Safisha, funika, vaa

Unaijua. Nikumbushe tu kwamba probu nayo huvalishwa mfuko uliotakaswa, na jeli ya nje ya mfuko iwe ya pakiti iliyotakaswa. Kijidudu kikiingia kwenye mfuko wa pampu, kina njia ya katheta hadi kwenye uti wa mgongo.

Hatua ya 5: Choma

Tumia sindano ya geji 22 (kipimo cha unene wa sindano) isiyokata mpira, ile inayokuja kwenye pakiti ya kujazia. Sindano ya kawaida humega vipande vya silikoni, na septamu iliyomegwa huvuja. Sababu ya pili ni nzito zaidi: pembeni mwa pampu kuna mlango wa katheta, unaokwenda moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo. Kwenye SynchroMed II umeundwa usipokee sindano ya geji 22. Sindano nyembamba zaidi huingia. Anayechukua sindano nyembamba eti asimuumize mgonjwa anauondoa mwenyewe ulinzi aliowekewa.

Ingia wima. Watu waliozoea kuchoma mishipa kwa ultrasaundi hupenda kulaza sindano ili waione yote, lakini septamu haipendi kuchomwa kiupande. Ishike wima, probu iwe kando yake imeinama kidogo, na utafute tishu zinavyosogea na kile kidoti cheupe cha ncha. Utahisi ngozi, kisha mafuta, kisha gamba gumu la kovu, kisha ukinzani wa mpira, na mwisho chuma.

Hatua ya 6: Hakikisha uko ndani

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu hapa ndipo watu huhesabu kazi imekwisha.

Anza na ile hisia ya chuma. Kila mtu hufundishwa kwamba ukigonga chuma umefika. Sawa, lakini ganda la pampu nalo ni chuma. Aliyekosa septamu kwa milimita chache atagonga chuma vilevile. Tofauti iko kwenye kina: ncha iliyopita septamu husimama chini ya usawa wa ule mstari mweupe, iliyokosa husimama juu yake. Kwa hiyo angalia sindano imezama kiasi gani, ulinganishe na kipimo cha hatua ya 3. Ikigonga mapema, haiko ndani hata kama mkono wako unaapa.

Pili, maji yanayorudi. Fungua kibano cha mrija unaounganisha sindano na bomba, vuta dawa iliyobaki taratibu hadi viputo vya hewa vianze kuonekana, kisha pima ulichopata. Kikikaribiana na kile ulichobandika ukutani, vizuri. Usipopata kitu kabisa, chukulia kwamba hauko ndani mpaka upate ushahidi mwingine. Kikiwa pungufu sana, jiulize kama umeacha kuvuta mapema, kama sindano imeteleza, au kama mara iliyopita dawa yote iliingia kweli. Kikizidi sana, pampu huenda ilisimama kwa muda au katheta imeziba. Muulize mgonjwa kama amepigwa picha ya MRI karibuni, kwa sababu sumaku husimamisha mota ya pampu hii, na inatakiwa iwake yenyewe baadaye. Kumbukumbu za pampu zitakuonyesha.

Lakini kupata maji si hati ya uthibitisho. Mfuko wa pampu wenyewe unaweza kuwa na majimaji, hasa baada ya upasuaji, nayo huvutika vizuri tu. Tena yanaweza kuwa maangavu, yakafanana na dawa. Nimewaona watu wakifurahia mililita chache za maji ya mfuko. Kinachokuokoa ni kiasi. Mara chache maji ya mfuko yatalingana na tarakimu ya kwenye karatasi na kuishia kwa viputo. Wala usijifariji kwamba ukidunga kidogo na kuvuta kikarudi basi uko salama: dawa uliyoimwaga kwenye mfuko dakika hiyohiyo nayo hurudi.

Sasa ultrasaundi. Wengi huzima mashine sindano ikishaingia. Ni kinyume kabisa. Picha yenye thamani kuliko zote ni ya mililita ya kwanza. Fanya hivi:

Kabla ya kudunga, gandisha picha moja ya uso wa pampu pembeni ya sindano na uihifadhi. Angalia nafasi kati ya gamba la kovu na mstari mweupe. Kwa kawaida ni nyembamba sana au haipo. Kama kuna weusi tayari, hayo ni majimaji ya zamani. Yapime unene sasa, la sivyo baadaye hutajua yapi ni mapya.

Washa Doppler ya rangi, ile inayopaka rangi kitu kinachotembea, weka kisanduku juu ya septamu, punguza kasi ya kipimo iwe ya chini. Chuma kitakumwagia rangi za uongo skrini nzima. Shusha nguvu ya rangi mpaka zipotee wakati hakuna kinachotembea. Ukiruka hili utaona mtiririko kila mahali na utaamini unachotaka kuamini.

Dunga kidogokidogo, kwa misukumo mifupi, chini ya mililita moja kwa jumla. Rangi iwake kwenye septamu kila unaposukuma na izimike unapoacha. Wakati huohuo jicho la pili liwe juu ya ganda. Ukiona weusi unachanua kati ya gamba na pampu, au gamba linanyanyuka, simama. Dawa inaingia mfukoni, na hatua zake ziko huko chini.

Rangi peke yake hainitoshi, kwa sababu sindano ikitikisika nayo huwaka. Ganda lisilo na weusi mpya peke yake pia halinitoshi, kwa kuwa kwa mtu mnene kiasi kidogo hujificha. Nataka vyote: kina sahihi, mabaki yanayolingana, rangi inayofuata mkono wangu, na ganda lililobaki kavu. Kimoja kikikataa, sijazi. Kama sishuku dawa imeingia mfukoni, naondoa sindano na kuanza upya, au nahamia kwenye fluroskopia, yaani eksirei ya moja kwa moja kwenye skrini. Mgonjwa kuchomwa mara mbili ni bei ndogo.

Jambo la mwisho kuhusu hatua hii: fanya jaribio kwa dawa yenyewe, si kwa maji ya chumvi. Maji ya chumvi yatabaki kwenye tangi na kupunguza ukali wa dawa, halafu hesabu ya kifaa itakuwa na kosa mpaka ujazo unaofuata.

Hatua ya 7: Jaza

Kupitia chujio, polepole, mkono mmoja ukiwa umeshika sindano muda wote. Kila baada ya mililita 5 simama, vuta kidogo, tazama skrini, endelea. Funga kibano unapobadilisha bomba. Usizidishe ujazo wa tangi. Ukinzani ukibadilika ghafla, simama.

Pampu iliyogeuka

Mstari mweupe usiokatika mara nyingi ni mgongo wa pampu. Hapo ultrasaundi imemaliza kazi yake. Chini ya fluroskopia, inamisha mashine mpaka pampu ionekane duara kamili. Ikionekana nyembamba kama ukingo wa sarafu, imesimama kwa ubavu. Ikiwa duara, tazama mlango wa katheta uko upande gani, na ulinganishe na picha ya siku ya upasuaji: ukikuta taswira ya kwenye kioo, imepinduka. Kuna zinazorudishwa kwa mkono kupitia ngozi, lakini anayefanya hivyo awe daktari aliyeipandikiza au anayejua katheta imepita wapi, kwani husokoteka. Kama uso uko sawa ila mafuta ni mengi, lenga katikati ya duara la septamu mpaka sindano ionekane nukta, na vidole vyako viwe nje ya mionzi. Fluroskopia itakuonyesha chuma na sindano tu. Dawa haionekani, kwa hiyo masharti ya mabaki na kina hayaondoki.

Ukishuku dawa imeingia mfukoni

Usichomoe sindano. Vuta kwanza chochote kinachovutika, kisha ita msaada. Pumzi ndiyo ya kwanza kulindwa. Kwa mofini na jamii yake kuna naloksoni, na itahitaji kurudiwa kwa sababu mfuko unaendelea kuachia dawa. Kwa baklofeni hakuna kizima-sumu cha kutegemea. Mgonjwa hulegea, husinzia, huacha kupumua, na mashine ya kupumulia ndiyo tiba. Akishaamka usimpeleke nyumbani. Tangi lake huenda ni tupu, na kukatika ghafla kwa baklofeni huleta muwasho, homa, misuli kukakamaa kupita mwanzo, na huua.

Hatua ya 8: Panga pampu, andika

Ingiza ujazo mpya. Ukali wa dawa ukiwa umebadilika, kumbuka kuna dawa ya zamani ndani ya mirija ya pampu na katheta, na kifaa lazima kipangiwe kipindi cha mpito. Mwache mgonjwa walau nusu saa mbele ya macho yako, na anayemsindikiza aondoke na karatasi yenye dalili za hatari, kwa sababu nyingine hujitokeza baada ya saa kadhaa. Miadi ijayo iwe kabla ya tarehe ya kengele ya pampu, si siku yenyewe.

Kwenye faili andika kina cha septamu, urefu wa sindano uliyotumia, mabaki yaliyotarajiwa na uliyoyapata, upande ambao pampu imeinamia, na ubandike ile picha uliyoigandisha.